Kanga na Mvua ya Hapa na Pale

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitika kivivu. Watoto wanaitika, wakubwa mnasinzia. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na mtabiri mmoja wa mvua. Ni Mumbi, ndege mkubwa mweusi mwenye shingo nyekundu. Mumbi akitangaza, ilikuwa desturi wote waitikie, "Tumesikia!" Kuitikia waliitikia. Kuhama ndiko kulikowashinda.

Mama Kanga alikuwa ameangua vifaranga kwenye mchanga wa mto uliokauka. Pazuri, palaini, mchwa tele.

Siku moja Mumbi akalia. Duu-du-du! Duu-du-du!

"Leo jioni mvua ya radi! Hapa na pale!"

"Tumesikia!"

Kanga akamuuliza Pelele, yaani pimbi, jirani yake aishiye juu ya mawe, "Jirani, mvua hiyo ni ya wapi?"

"Ya pale," Pelele akajibu, akaonyesha mlimani.

Kumbe huko mlimani Nyani naye alikuwa anaonyesha bondeni. "Ya pale!" Kila mmoja kamgawia mwenzake mvua. Mnacheka? Na nyie je?

Mumbi akashuka. "Mama Kanga, hujahama?"

"Nihame nini, baba? Wingu hata la dawa silioni."

"Sikusema itanyesha kwako. Wala sikusema haitanyesha. Itapiga mahali, itaruka mahali, na mahali penyewe sipajui. Pandisha watoto juu."

"Nikiiona, nitahama."

Mumbi akaenda zake.

Jioni mlima ukanguruma. Gudu-gudu-gudu! Kwa Kanga halikudondoka hata tone. Akacheka. "Si nilisema? Ni ya pale!"

Mara shwaaa! Maji ya mlimani hayo, yanateremka mtoni na magogo na mawe. Kanga akapiga kelele. Akawasukuma watoto kwa mdomo, akawasukuma, akawasukuma, mpaka juu kwa Pelele. Akageuka kuwatazama. Kitindamimba hakuwapo.

Akamwita mpaka sauti ikakauka. Inauma, jamani. Mtoto ni mtoto, hata wa kanga.

Msimu mwingine Mumbi akatangaza tena: mvua ya radi, hapa na pale. Wenzake wakiitikia, Kanga alikuwa keshapanda mawe na wanawe wapya. Jioni ikapita kavu. Mlimani kukavu, bondeni kukavu.

Pelele akamtania, "Umejichosha bure, mama!"

"Nimechoka miguu," Kanga akasema. "Miguu italala, kesho itaamka. Mwanangu aliyechukuliwa na maji hajaamka mpaka leo."

 

Basi wanangu, na nyie wakubwa, mkiambiwa mvua ni ya hapa na pale, msigawane nani achukue pale. Kila mmoja ajihadhari kana kwamba ni yake. Isiponyesha, ashukuru alale.

Hadithi yangu imeishia hapo, na anayebisha akalale mtoni.