Bi Digidigi na Pipa la Bwana Kiboko

Hapo kale, wajukuu zangu, kale ile wanyama walipokuwa na nyua, majiko na majirani wa kuwachosha, mtaa mzima ulikuwa na kisima kimoja.

Mwaka huo mvua zikagoma. Kisima kikapungua, ndoo ikishuka inalia kwaa! juu ya mawe. Na desturi ya mtaa ilikuwa hiyo hiyo: mkubwa huchota kwanza.

Wakubwa walikuwa wawili. Mmoja Bwana Kiboko. Huyo aliogea pipa zima asubuhi, pipa zima jioni. Mwaaa! anajimwagia, nusu inakwenda ardhini hata mgongo haijaugusa. Mwingine Bwana Tembo. Huyo kila siku alinyunyizia ua wake, fyuuu! fyuuu! eti vumbi linamkera.

Wa mwisho kabisa, Bi Digidigi, mdogo hata gotini mwa Tembo hafiki. Vyombo aliosha ndani ya beseni. Maji aliyooshea mchele aliupa mchicha. Na bado, ikifika zamu yake, alivuta tope.

Siku moja mwanawe alilia kiu mpaka sauti ikakauka. Bi Digidigi akaenda uani kwa Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Sema upesi, nakauka."

"Mwanangu tangu jana hajanywa maji safi. Tafadhali, punguza japo kidogo."

Kiboko akacheka, kitambi kikatikisika tiki tiki tiki.

"Ewe Tembo! Njoo usikie! Mwenye miguu ya njiti anataka kunifundisha kuoga!"

"Mwambie mwanawe alambe umande!" Tembo akajibu kutoka kwake. "Ho ho ho!"

"Haya, wakubwa zangu," akasema Bi Digidigi, akaondoka. Moyoni anawaka. Akihama, ahamie wapi na mtoto mdogo? Na kisima kikikauka kabisa, si atamzika mwanawe?

Asubuhi, Kiboko yumo kwenye pipa lake, mwaaa! mwaaa! Bi Digidigi akachuchumaa kando ya ua, akasugua sufuria kwa majivu, akaanza kusema nayo. Nanyi mnajua, mwanamke akianza kusema na sufuria yake, jirani atege sikio.

"We sufuria, mbona husafiki? Au una maradhi ya yule nisiyemtaja?"

Ng'ambo ya ua, Kiboko akaacha kujimwagia.

"Maskini! Aliye msafi, kata moja ya kifuu inamtosha. Anayemaliza pipa, tena asubuhi na jioni, ujue uvundo umeshaingia mifupani!"

"Unamsema nani wewe?" Kiboko akanguruma.

"Mimi? Nasema na sufuria yangu, bwana. Kwani wewe una pipa?"

Bi Kanga alikuwa akipita. Sitaki kumsengenya Bi Kanga, lakini neno akilipata asubuhi, mchana limeshapikwa kila jiko.

"Kwe-kwe-kwe! Mmesikia? Kiboko ananuka mpaka mifupani! Ndiyo maana pipa kwake haliishi!"

Jioni Kiboko akaja kisimani na pipa lake. Wanyama wakampisha, wameziba pua. Hata Ngiri, anayelala matopeni, naye kaziba!

"Mnaziba pua za nini?"

"Hatusemi kitu, bwana," Ngiri akajibu. "Tunaliangalia tu hilo pipa."

"Hili? Hili la... la kuwekea mahindi! Mimi naogea kata moja. Tena inabaki!"

"Tuone!"

Basi akaoga mbele yao. Kata moja na kitambaa. Akajifuta kwapa, akajifuta shingo, macho yamemtoka pima.

Bi Digidigi, naye yupo pale kisimani, akaiinamia sufuria yake. "Na wengine ua lazima waunyunyizie kila siku. Sijui kuna uchafu gani wanauficha..."

Tembo alikuwa na maji tele mkongani. Akayameza, gubu! Akaomba fagio.

Kisima kikapumua. Maji yakapanda, yakatakata, na mtoto wa Bi Digidigi akanywa mpaka akacheua.

Siku moja Kiboko akaja kunong'ona kando ya ua.

"Bibi, umenichezea. Maneno ya uvundo uliyatunga mwenyewe!"

"Niliyatunga, wala sikatai. Basi kawatangazie kwamba kata moja haikutoshi."

Kiboko akafumbua mdomo wake wote. Juu ya ua, Bi Kanga kanyoosha shingo.

"Nani kasema hainitoshi?" Kiboko akapaza sauti. "Mimi hata nusu kata inanitosha!"

"Kwe-kwe-kwe! Nusu kata! Nusu kata!" Bi Kanga huyo, karuka.

Basi wajukuu zangu, anayeyafuja maji ya wote asilalamike wote wakimcheka.