Theodosia Aliyempa Zimwi Uchungu Wake

Sogeeni motoni, niwape ya Theodosia. Aliiba kitambaa cha altare, akamsingizia dada yake, Bertila, hata waumini wakamtenga Bertila. Dhambi ikamuuma Theodosia mno. Zimwi akamkuta kisimani, akamwambia, "Nipe huo uchungu, upumzike." Akampa, Zimwi akaumeza.

Ikaja Jumatano ya Majivu, akapakwa majivu, asihisi kitu. Ikaja Ijumaa Kuu, akaubusu msalaba, asihisi kitu. Mama yao akafa, Theodosia akatupa udongo kaburini, asihisi kitu. Akarudi kisimani.

"Nirudishie uchungu wangu, nipate kutubu."

Zimwi akacheka. "Uchungu huo umeshakuwa damu yangu. Sasa utatubu kwa moyo gani?"

Jumapili Theodosia akasimama kanisani mbele ya watu, macho makavu, akasema, "Mwizi ni mimi. Bertila hana kosa."

Bertila akamtazama. "Mbona hulii?"

"Siwezi, dada. Nimekuja hivi hivi, kwa kuwa ndiyo kweli."

Basi Bertila akalia yeye. Kisha akasogea kwenye benchi kumpa nafasi, Theodosia akaketi kando yake. Kama uchungu ulimrudia baadaye, mimi sikuambiwa. Niliyoambiwa ni kwamba waliketi pamoja mpaka misa ikaisha.