Wageni wa Mjafari

Jani lisiloliwa halina mgeni. Mmecheka nilipomwambia hivyo shangazi yenu, aliyewafukuza sebuleni msije mkamchafulia makochi, kisha mkaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Sikuyatunga mimi, wala hayakushuka na mvua. Yalianzia Kwembago, katika ua wa maktaba, na aliyeyaanzisha ni mkunga mstaafu, Bi Tunu Semboja.

Kwembago kulikuwa na chama cha wasomaji kumi na wawili, waliokutana kila Jumamosi kusoma vitabu vya mimea na wanyama. Desturi yao ilikuwa moja: kitabu kikiisha, hakirudi rafuni mpaka mmoja wao atende jambo lililomo. Mwaka huo walisoma kwamba anayetaka ndege na vipepeo apande miti ya asili ya mahali pake, kwa kuwa ndiyo wanayoijua. Mwenyekiti wao, Mwalimu Kaniki, akauliza nani ataifanya kazi hiyo. Hajamaliza kuuliza, Bi Tunu kanyosha mkono.

Ua wa maktaba ulikuwa mtupu, na uongozi ulitaka kuumwagia saruji uwe maegesho ya pikipiki. Chama kikaomba, kikapewa mwaka mmoja. Ukipita bila ndege wala kipepeo, saruji imwagwe. Bi Tunu alizaliwa jirani na hapo, zamani za ndege kurumbiza kuwaamsha watu alfajiri kwa wimbo, na kimya cha sasa kilimuuma. Akaapa kwamba ua ule hautasakafiwa yeye akiwa hai.

Alipanda mjafari, mti wa miiba wenye majani yanayonukia kama ndimu, akauzungushia kivumbasi, kichaka cha maua yanayonukia. Mche ulishika. Lakini hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la msomaji hasa. Wanachama wale walikuwa na vita na wadudu. Kila kitabu walikikagua ukurasa kwa ukurasa, chenye tundu kikatengwa. Mtu akizoea hivyo, tundu lolote kwake ni aibu. Basi kila asubuhi Bi Tunu alichuma majani yaliyotobolewa, akayatupa jalalani, ili Jumamosi wenzake wakute bustani safi. Nao wakamsifu kweli kweli.

Miezi tisa ikapita, na mkunga anajua kwamba kwa miezi tisa kitu huwa kimezaliwa. Uani hakukuwa na ndege wala kipepeo.

Asubuhi moja alisahau kuvua miwani ya kusomea. Akageuza jani kabla ya kulichuma, akaona yai, dogo kuliko punje ya uwele. Kwenye jani la pili palikuwa na kiwavi mweusi mwenye baka jeupe, ungedhani kinyesi cha ndege. Kiumbe huyo alikwisha kumwona kitabuni, katika ukurasa wa vipepeo. Akaketi pale pale matopeni.

"Tunu mimi!" akajisemea. "Miaka thelathini nimepokea watoto wa watu, na hawa nawatupa jalalani!"

Alilia, akafuta miwani, akaapa hatachuma tena hata jani moja.

Wiki chache baadaye mjafari ulikuwa umetobolewa kila mahali. Wanachama walipofika Jumamosi wakaduwaa, na Mwalimu Kaniki akaenda kuleta bomba la dawa. Bi Tunu akasimama kati ya bomba na mti.

"Dada Tunu, wadudu wanatumaliza," alisema Mwalimu. "Mwezi ujao tunakaguliwa. Tuwaonyeshe matundu?"

"Hayo hayo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyachuma msiyaone. Niliwadanganya, nisameheni. Lakini leo sitoki hapa. Kama ni dawa, anza na mimi."

"Kitabu chenye tundu si tunakitenga?"

"Kitabu kikitobolewa kimeharibika, Mwalimu. Jani likitobolewa limepata mgeni. Tangu lini mgeni akakaa kwenye nyumba isiyopika?"

Wakiwa bado wanabishana, kurumbiza akatua juu ya mjafari. Akadonoa kiwavi, akaruka naye hadi ukutani, akammeza.

"Masikini!" akasema Bi Salima, katibu wa chama. "Si ameliwa huyo mgeni wetu!"

"Naye ni chakula cha mgeni mwingine," akasema Bi Tunu, akicheka huku machozi yanamtoka. "Wako wengi. Watakaosalia wataota mbawa."

Mwalimu Kaniki akaliweka bomba chini.

Siku ya ukaguzi, bwana mmoja kutoka uongozi wa maktaba aliuzunguka mjafari, akatikisa kichwa. "Mti wenu unaliwa, wazee. Pigeni dawa, la sivyo tuung'oe."

Bi Tunu alifungua mdomo, lakini Mwalimu Kaniki alimtangulia. Alimshika yule bwana mkono, akamwonyesha vipepeo wawili juu ya kivumbasi na kurumbiza aliyekuwa akiimba ukutani. Kisha akamwambia taratibu, kama anayemsomesha mtoto, kwamba ua safi walikuwa nao miezi tisa na hakuja mgeni.

Bwana yule alisikiliza wimbo mpaka ukaisha. Saruji ikapelekwa kwingine. Na tangu siku hiyo, ukitaka kutembelewa na hutaki kupungukiwa, watu wa Kwembago hawakuhutubii. Wanakuambia tu: jani lisiloliwa halina mgeni.