Bingwa Aliyeamriwa Kushindwa

Leo sina mpanzi, sina mchungaji, sina kondoo aliyepotea. Leo nina mwanamke wa Kichina aliyecheza mpira wa meza. Meza yenyewe mnaijua, ni kama ile ya vijana pale ukumbi wa kanisa, ambayo akina mama mnaipangia sahani kila ikija harusi. Basi huo mchezo ambao kwetu ni wa kusubirishia mvua ipite, kule kwao ni kazi, na kazi ngumu. Msiniulize huyu mwanamke nimemsoma wapi. Sijamsoma popote. Nimemtunga mwenyewe jana nikiwa nimekasirika, na hasira yenyewe bado ninayo, kwa hiyo nivumilieni.

Alianza akiwa na miaka sita. Shuleni kwao meza ilikuwa ya saruji, na wavu ulikuwa matofali yaliyopangwa mstari. Siku moja kocha wa wilaya akapita, akasimama akamtazama, kisha akamwambia mama yake, "Huyu mtoto hana nguvu, lakini hachoki." Wakamchukua. Tangu siku hiyo akalala bwenini, akala chakula cha bwenini, na nyumbani akawa anakwenda mara moja kwa mwaka kama mgeni.

Sasa sikilizeni uchezaji wake. Wenzake wote walikuwa watu wa kushambulia. Wanasimama karibu na meza, mpira ukija wanauzaba kofi, pa! pa!, pointi imekwisha kabla hujapepesa macho. Yeye hakuwa hivyo. Yeye alisimama nyuma, hatua nne au tano kutoka mezani, akasubiri. Upige kulia, anao. Upige kushoto, anao. Upige kwa nguvu zako zote, anaukata kwa chini, unarudi taratibu huku unazunguka kinyumenyume, na ukiugusa vibaya unazama wavuni. Hakumshinda mtu kwa kumpiga. Alimrudishia tu, na kumrudishia, na kumrudishia, mpaka mwenyewe akakosea. Wenzake walikuwa wakitaniana kwamba kucheza naye ni sawa na kubishana na mama mkwe: utasema weee, atakayechoka ni wewe.

Kwa mchezo huo akawa bingwa wa China mara mbili. Na msidhani hilo ni jambo dogo, maana kule wachezaji hodari wamejaa kama ndizi Tukuyu. Timu ya taifa ilipokwenda nje ikarudi na vikombe, alikuwamo. Lakini lile taji la dunia la mtu mmoja mmoja, la kuitwa bingwa wa dunia kwa jina lako mwenyewe, hakuwa nalo. Na sasa ametimiza miaka ishirini na tisa. Goti la kulia limepasuliwa mara mbili. Daktari amemwambia wazi: mashindano haya ya dunia, kisha basi.

Kwa hiyo alilitaka taji hilo. Mnanielewa? Alilitaka kwa moyo wote. Kutaka kitu ulichokitolea jasho si dhambi, na mtu akikuambia ni dhambi, mwangalie vizuri, huenda anakitaka yeye.

Akashinda, akashinda, akafika nusu fainali. Na aliyepangwa naye ni nani? Mwenzake wa timu, binti wa miaka ishirini, mshambuliaji, aliyekuwa analala naye chumba kimoja. Upande wa pili alikuwa ameshaingia fainali mwanamke wa nchi nyingine, mwenye mkono mzito, bingwa wa kuwavunja hawa wachezaji wa kurudisha.

Asubuhi ya nusu fainali kocha mkuu akamwita yule mkubwa chumbani kwake hotelini. Akammiminia maji ya moto kikombeni, maana ndivyo wanavyokaribishana. Na katika timu ile kulikuwa na desturi nyingine, ambayo kila mchezaji aliijua na hakuna aliyethubutu kuisema nje. Wawili wa timu moja wakikutana, anayeamua nani ashinde ni kocha.

"Leo utamwachia mdogo wako," kocha akasema.

Akadhani hakusikia vizuri. "Kocha, haya ni mashindano yangu ya mwisho."

"Najua. Lakini yule mgeni amekufunga mara mbili. Mdogo wako hajawahi kufungwa naye. Taji likienda nje, aibu itakuwa ya nchi nzima."

"Miaka miwili iliyopita uliniambia nimwachie huyo huyo. Ukasema mara ijayo ni zamu yangu."

"Nilisema. Leo nasema hivi. Timu imekulea tangu una miaka sita, umekula chakula chake, umevaa nguo zake. Kabla ya timu, nani alikuwa anakujua?" Kisha akaongeza, huku anafunika chupa yake ya chai, "Na ushindwe vizuri. Watu wasigundue. Seti ya mwisho, kwa pointi mbili hivi."

Jamani, mmeisikia hiyo? Kushindwa peke yake hakutoshi, ashindwe vizuri! Anyang'anywe mzigo wake, halafu amsaidie mnyang'anyi kujitwika!

Na yeye akajibu nini? Akasema, "Sawa, Kocha." Watoto waliolelewa vizuri ndivyo wanavyojibu. Akarudi chumbani, akajifungia bafuni, akafungulia bomba ili mdogo wake asisikie, akalia. Wala msiseme ilikuwa huzuni. Ilikuwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo alijikasirikia mwenyewe, kwa jinsi lile neno "sawa" lilivyomtoka upesi.

Jioni ukumbi ukajaa. Wakaanza kucheza. Na hapo ndipo alipokutana na tatizo ambalo kocha hakulifikiria, kwamba mkono wake haukujua kushindwa. Kwa miaka ishirini na mitatu ameufundisha jambo moja tu, kurudisha. Mpira unakuja kushoto, anajiambia, "Uache." Ameshaurudisha. Unakuja kulia. "Uache, wewe!" Umesharudi. Na kule ng'ambo yule binti ana wasiwasi, anapiga nje, anapiga wavuni. Seti ya kwanza ikawa ya mkubwa. Ya pili ikawa yake pia! Kocha kule benchi uso umemwiva. Alikuwa amemwamuru mtu ashindwe, na mtu anajitahidi kushindwa, na anashinda.

Basi ikabidi aizuie miguu, kwa kuwa mkono haukusikia. Akawa anachelewa nusu hatua kwa makusudi. Akichelewa, anajishika goti. Watazamaji wakawa wanasema, "Maskini, goti limemrudia." Goti halikuwa na kosa lolote siku hiyo. Wakafika seti tatu kwa tatu.

Katika seti ya mwisho, walipokuwa wanabadilishana upande wa meza, yule binti akapita karibu naye, akamnong'oneza bila kumtazama, "Dada, cheza. Usiniachie."

Kumbe alijua!

"Nyamaza," mkubwa akamjibu, "utatuponza."

Ikafika kumi kwa tisa, binti yuko mbele. Zamu ya kuanzisha mpira ni ya mkubwa. Akaurusha juu, kama alivyourusha mara elfu na elfu, na safari hii mkono ukatii. Mpira ukagonga wavu, ukaanguka upande wake mwenyewe. Imekwisha. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na kocha akasimama akapiga kuliko wote. Unajua alikuwa anampigia nani? Alikuwa anampigia aliyeshindwa.

Kesho yake ikachezwa fainali. Yule binti, ambaye hajawahi kufungwa na mgeni hata mara moja, alifungwa seti nne kwa sifuri. Alichapwa mpaka watu wakaona aibu kutazama. Kila pointi ilipokuwa ngumu aligeuza macho kule benchi, anatafuta nini mwenyewe hajui. Taji likaenda nje, na aibu ile waliyoikimbia ikabaki kwao yote.

Yule mkubwa akamfuata chumba cha kubadilishia nguo, na hasira yake imemjaa mpaka kooni. Alikuwa amejiandaa kumwambia maneno, tena maneno makali. Akamkuta amekaa sakafuni, viatu bado miguuni, raketi ameitupa kule. Binti akainua macho.

"Dada, uliniachia mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na wengine?"

Hapo mkubwa akainamia viatu vyake, kwa sababu aliwajua wengine wawili, na huenda walikuwapo zaidi. Binti akamwona, akaelewa.

"Basi sijui kama najua kucheza," akasema. "Leo mpira ukiwa mgumu, nilikuwa nasubiri akose. Nilisubiri tu, Dada. Hakukosa."

Yale maneno makali yakamwishia mkubwa kinywani. Akakaa sakafuni pembeni ya mdogo wake. Na hapo mlango ukafunguliwa, kocha akaingia, akawatazama wote wawili, akasafisha koo. "Asilaumiwe mtu," akasema. "Tuliamua kwa faida ya timu."

Na yule mwanamke, ambaye tangu ana miaka sita alijua kusema "sawa" na "ndiyo", akamwuliza, "Timu ni nani, Kocha? Mimi na huyu hatumo?"

Kocha akafunga mlango, akaenda zake.

Haya. Mmekasirika? Nawaona. Mama pale umesonya, nimekusikia, wala usione haya, msonyo wako ni halali. Mzee wangu wewe umetikisa kichwa tangu kwenye yale maji ya moto. Mnamchukia kocha huyu? Vizuri. Mchukieni sana. Mkishamaliza kumchukia niwaambie anapokaa.

Miaka miwili iliyopita usharika huu ulipata nafasi moja ya chuo cha uuguzi. Haikuwa mbili. Vijana wetu wakafanya usaili hapa hapa, na aliyeongoza alikuwa Subilaga, mtoto wa yule mama anayefagia kanisa hili kila Jumamosi ninyi mkiwa sokoni. Kijana aliyeshika nafasi ya pili alikuwa mtoto wa mzee wetu mmoja. Simtaji, anajijua. Mzee huyo alikuwa ametuahidi mabati. Kamati ikakaa. Tukasema mambo mazuri mno siku ile! Tukasema amani. Tukasema umoja. Tukasema faida ya usharika. Kisha tukatafuta mtu mwenye ulimi laini wa kwenda kumwambia mtoto wa watu.

Wakanituma mimi.

Nilikwenda. Nikakaribishwa, nikawekewa chai na viazi. Nikamwambia, "Mwanangu, mwachie mwenzako safari hii. Mwakani ni zamu yako." Akanitazama kidogo, akasema, "Sawa, Baba Mchungaji." Na mimi, mtumishi wa Mungu, nikamsifu kwa unyenyekevu. Nikamsomea na mstari! Nikafumba macho haya nikaomba, nikamshukuru Bwana kwa kutupa mtoto mtiifu, na mama yake akasema amina huku ananisindikiza mpaka njiani.

Mabati yenyewe ndiyo hayo juu ya vichwa vyenu. Hiyo "mwakani" imepita mara mbili. Subilaga anachuma chai ya watu. Na yule kijana tuliyempeleka alinipigia simu juzi kutoka chuoni, analia kama mtoto mdogo. "Mchungaji, mimi damu naiogopa. Nilimwambia Baba. Hakuna aliyenisikiliza." Watoto wawili, ndugu zangu. Kwa pigo moja tumewaharibu watoto wawili, tukaenda kula chakula cha mchana.

Tunajidanganya nini sisi? Sisi ndio tunaomchagua mnyonge, kila mara mnyonge, tukamfundisha kushindwa vizuri, halafu tukaita unyenyekevu. Mtu akitoa kilicho chake kwa hiari yake, huo ni unyenyekevu. Mwenye nguvu akimwambia akitoe, huo ni unyang'anyi, hata ukifanywa kwa sala, hata ukifanywa na mimi. Na katika nyumba zenu je? Binti gani aliachishwa shule ili kaka yake asome? Mke gani anaambiwa kila mwaka avumilie kwa heshima ya ukoo? Ukoo ni nani, kama yeye hayumo? Usharika ni nani, kama Subilaga hayumo?

Msiniambie amina. Leo amina yenu siitaki, nimeshachoka na neno hilo kinywani mwangu mwenyewe. Na leo sitasimama mlangoni kuwapa mkono. Nikishuka hapa nakwenda kwao Subilaga, kwa miguu, na joho hili hili, nimwambie mbele ya mama yake kwamba nilimwibia, kisha nimwulize anataka tufanye nini. Atakalosema tutalifanya, hata akitaka hayo mabati yashushwe. Wanakamati wote mko humu, nimewahesabu, pamoja na wewe uliyejibanza nyuma ya kinanda.

Simameni, twende.