Kamusi Tatu na Ndama Mmoja

Hapo zamani, Kiingereza kilipokuwa bado kinapanda milima ya Usambara kwa miguu, Bi Namwai, mjane, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Waridi. Basi Waridi, mimba imeshakomaa, akalala chini asiinuke. Bwana mifugo yuko safarini. Dawa ikaletwa kutoka mjini, maandishi yote Kiingereza.

Bi Namwai akaapa huku analia: "Atakayeniokolea Waridi, ndama atakayezaliwa ni wake!"

Pale kijijini dawa ya ng'ombe waliyoijua ni ya kupe tu. Mama wa watu akachukua bomba la kunyunyizia, tayari kuimimina chupa nzima.

Chambo, mtoto wa kaka yake, akachomoa kamusi mfukoni mwa shati, haizidi kiganja. Akasoma chupa, akapekua palepale zizini.

"Shangazi, acha! Vijiko viwili tu. Ila neno hili moja humu halimo, sitakudanganya."

Jirani yao Mwalimu Zubeda akaja mbio na kamusi ya shule, nene kama tofali. Neno limo!

"Ni ya kunyweshwa, si ya kunyunyizia."

Basi, kamusi ile haikusema zaidi. Wakamnyanyua Waridi kichwa hadi pua ikatazama paa.

Katika nyumba iliyo juu ya zizi, mlimani, aliishi Mzee Kaniki, karani mstaafu. Kamusi yake hubebwa na watu wawili, hufunikwa kanga, na kijiji kizima humcheka. Zubeda alikuwa amempigia ukelele neno lile. Mzee akapekua, akapekua, hata chini ya maana akakuta mfano, maneno ya mfugaji wa kale kuhusu kumnywesha ng'ombe. Akatoa kichwa dirishani.

"Shusheni kichwa! Ikimwingia mapafuni mmemuua!"

Wakashusha. Waridi akanywa. Kesho yake akasimama, na wiki haikuisha akazaa ndama jike. Furaha iliyoje! Wakakaa kunywa chai ya maziwa, na ubishi ukaanza.

"Chupa nzima ingemmaliza," alisema Chambo. "Yangu ndogo, lakini ndiyo iliyofika kwanza."

Zubeda akacheka. "Na vijiko vyako viwili ungevinyunyizia mgongoni!"

"Nanyi mngemzamisha," alisema Mzee Kaniki. "Miaka yote mnanicheka. Leo je?"

"Babu, tungeingoja yako peke yake, tungekuta ngozi tu," alijibu Chambo.

Bi Namwai alisimama na kamba ya ndama mkononi, akiwatazama. Wote watatu anawapenda, na ndama ni mmoja.

Haya, ninyi mnaonisikiliza na kutabasamu: kamba ile mngemkabidhi nani? Je, nani alistahili ndama?