Pimbi Aliyedai Mji Mbele ya Kamera

Ngano, ngano!
Lete tupepete!
Ina ukweli ndani?
Punje mbili tatu!
Na uwongo je?
Pumba tele, na pumba nazo zina walaji!

Basi sogeeni karibu. Nimetembea nchi nyingi, nimelala kwenye stesheni ambazo hata treni imezisahau, na kila nilikofika niliikuta ngano hii imenitangulia, imeshaoga na imeshakula. Kwa hiyo nikiteleza msinisahihishe. Nimetoka nayo mbali.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana maana runinga ilikuwepo, palikuwa na pori, na ndani ya pori palikuwa na bwawa. Kiangazi kilipokaza, mito ikakauka, visima vikakauka, hata machozi ya Mamba yakakauka. Likabaki bwawa peke yake. Na mwangalizi wa bwawa alikuwa Kiboko.

Huyu hakuwa kiboko wa hivi hivi. Alikuwa amesoma Kilele. Kilele ilikuwa shule ya juu mlimani, na ili uingie ni lazima baba yako awe aliingia, na ili baba yako aingie ni lazima babu yako awe aliingia. Babu yako aliingiaje, hilo halikuulizwa. Walisoma huko watoto wa Tembo, watoto wa Faru na watoto wa Nyati. Walifundishwa kula kwa vijiko vya namna namna, kutembea bila kutazama chini, na kucheka kicheko kinachoanzia tumboni: ho, ho, hooo.

Kwa elimu hiyo Kiboko akapewa kipindi kwenye runinga. Kipindi kiliitwa Nani Kasoma. Kila Ijumaa jukwaa liliwekwa ukingoni mwa bwawa. Twiga alishika kamera, kwa sababu hakuhitaji ngazi. Kiboko alikaa kitini, na kiti kililia kwii kila alipojigeuza. Anayeshinda, ukoo wake unapewa mahali pa kunywa maji kiangazi chote. Anayeshindwa, ukoo wake unakwenda kulamba umande. Na pale pasipopata mshindi panabaki kwa mwangalizi. Mwangalizi, kama nilivyosema, alikuwa Kiboko.

Akaja Digidigi. Akaulizwa supu ya kamba wa baharini hunywewa kwa kijiko kipi, naye bahari hajaiona hata kwenye kalenda. Akataja kijiko, akajirekebisha papo hapo. Kiboko akamwambia kuwa lililosemwa mbele ya kamera halirudi kinywani. Akakosa, akachekwa: ho, ho, hooo.

Akaja Nungunungu. Akaulizwa ubeti wa pili wa wimbo wa shule ya Kilele. Akakosa, akachekwa: ho, ho, hooo.

Akaja Nyati kijana, aliyesoma Kilele. Akaulizwa mlango wa bweni alilolala yeye mwenyewe ulikuwa wa rangi gani. Akafikiri, akafikiri, jasho likamtoka, akapata. Makofi yakalia pa, pa, pa.

Wadogo waliponung'unika, Kiboko aliweka uso wa upole akawaeleza kuwa yeye hana upande wowote, yeye anasoma maswali tu. Na mwaka ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Kila mti wa pori ulikuwa na picha ya Kiboko, na chini ya picha maneno haya: Mwenyekiti Anayejua.

Lakini sikilizeni ajabu hii. Wadogo walikuwa wakitazama kipindi ndani ya banda umiza la Nyani, wamebanana mbavu kwa mbavu, na Digidigi alipokosa wao walicheka pia. Jirani yao, damu yao, walimcheka mpaka kiu ikazidi. Pimbi naye alicheka. Pimbi mnamjua: hana mkia, hana kimo, anaishi mapangoni kwenye majabali, na jina lake peke yake watu wamelifanya tusi. Alicheka Ijumaa baada ya Ijumaa.

Mpaka asubuhi moja alipomkuta mwanawe wa mwisho akilamba jiwe. Jiwe kavu. Mtoto akamwambia mama yake aje naye alambe, hapa pamelowa kidogo. Pimbi akagusa. Hapakuwa pamelowa.

Siku hiyo Pimbi hakucheka tena. Akaenda kwa Digidigi akamwambia Ijumaa inayokuja atapanda jukwaani yeye.

"Wewe?" akasema Digidigi. "Jirani, wewe hata mkia wakati unagawiwa hukutokea. Utayaweza ya vijiko?"

"Nitajifunza vijiko."

"Na wakikuuliza milango?"

"Nitajifunza milango. Mwanangu analamba mawe, jirani. Niache."

Akamwendea Kasuku, ambaye aliwahi kuishi miaka mingi kwenye dirisha la darasa huko Kilele na kukariri kila kilichosemwa. Kasuku akamfundisha vijiko. Akamfundisha ubeti wa pili, na wa tatu kama nyongeza. Pimbi alijifunza mpaka meno yakamuuma. Hata hivyo kila alipodhani amemaliza, Kasuku alikumbuka jambo jingine: kofia ya mkuu, kengele ya jioni, jina la paka wa jikoni. Pimbi akaona hili ni bwawa jingine, na lenyewe halina kina cha mwisho.

Akapumua. Akauliza swali lake la kwanza ambalo halikuwa la kijiko. "Huko Kilele, mtoto asiyejua alifanywaje?"

"Kutojua hakukuwa na neno," akajibu Kasuku. "Neno lilikuwa kusema. Mmoja alisema neno sijui. Walimsimamisha juani mpaka ngozi ikapasuka. Baada ya hapo neno hilo sikulisikia tena mlimani, nami ujue nasikia kila kitu."

"Sasa wakikwama husemaje?"

"Husema lolote, mradi liwe refu."

Pimbi akaviacha vijiko pale pale chini, akarudi kwake.

Ijumaa ikafika. Pimbi akapandishwa jukwaani, kiti kikawa kirefu kuliko yeye, wakamwekea tofali. Kiboko akamtazama kutoka juu, kwii, akamuuliza mkuu wa kwanza wa Kilele alipenda jamu ya tunda gani.

"Sijui," akasema Pimbi.

Hakutokwa jasho. Hakujikuna. Alilisema kama mtu anayesema jina lake. Kiboko alisubiri atetemeke, hakutetemeka, ikabidi acheke hivyo hivyo: ho, ho, hooo. Kule bandani nao wakacheka, ila mara hii kicheko kilikuwa na shimo katikati.

Sasa Kilele walikuwa na adabu yao. Mtu aliyelelewa vizuri hamuagi mgeni bila kumuuliza kama ana swali. Na mgeni aliyelelewa vizuri hujibu hana, ahsante sana. Kila Ijumaa Kiboko aliwauliza wote walioshindwa, na wote, ulimi umewakauka, walijibu hawana, ahsante sana. Hata siku moja hakuwahi kusubiri jibu. Alikuwa ameshaanza kuinuka.

"Una swali lolote?" akauliza, huku anainuka.

"Ninalo," akasema Pimbi.

Kiti kikalia kwii. Kiboko akakaa tena. Kamera ilikuwa inamtazama.

"Kitendawili," akasema Pimbi.

Jamani, neno hilo halina mlinzi. Ukiliita, hata aliyelala huitika. Jukwaa zima likaitika tega. Banda zima likaitika tega. Twiga nyuma ya kamera akaitika tega. Na kinywa cha Kiboko chenyewe, bila kumwomba ruhusa mwenyewe, kikaitika tega, maana hata yeye kabla ya kuwa na shule alikuwa na bibi.

"Nyumba yangu haina mlango."

Pori zima likajua. Vitoto vilivyokuwa migongoni mwa mama zao vikajua. Lakini Kiboko mambo ya bibi aliyavua langoni Kilele pamoja na nguo za nyumbani, na hakurudi kuyachukua. Akakohoa. Akasema kuwa nyumba isiyo na mlango ni kasoro ya fundi, kwamba jambo hilo lina sura nyingi, na kwamba lingefaa kuundiwa kamati. Akacheka ho, ho, hooo. Akajisikia anacheka peke yake.

"Siyo," akasema Pimbi. "Mheshimiwa, jibu, au sema hujui, au nipe mji."

Kiboko alipolisikia hilo la mwisho, aliliona kama maji baridi mgongoni. Kutoa mji! Mbona ndiyo kazi ya wakubwa? Asiyejua anatia huruma, lakini anayetoa anapigiwa makofi. Na wapiga kura wanatazama.

"Chukua Matopeni," akasema. Matopeni ilikuwa pembe ya bwawa ambako hata vyura walishahama.

"Matopeni siutaki."

Watu wakaguna. Kiboko akaona ameonekana mchoyo. "Basi chukua Kivukoni."

"Nimekwenda Kivukoni, nimekunywa, nimenawa na uso. Jibu ni yai," akasema Pimbi. "Kitendawili."

"Tega."

"Babu yangu ana kinywa kama pango, lakini neno moja dogo halipiti."

Kisha bandani mtu mmoja akacheka hi, wa pili akacheka hi hi, na mara banda likatikisika. Hawakumcheka Pimbi. Kiboko akageuza masikio huku na huku, asielewe kinachochekwa. Akaanza kueleza jiografia ya mapango. Pimbi akamwambia: jibu, au sema hujui, au nipe mji.

"Chukua Mateteni."

"Nimekwenda Mateteni, nimekunywa, nimelala kivulini. Jibu ni Mheshimiwa mwenyewe. Kitendawili."

"Tega," akasema Kiboko, na sasa alikuwa anahema.

Pimbi akahesabu miji. Bado Kilindini, pale bwawa linapozama na maji hayakauki hata kiangazi kikae mwaka. Pale ndipo Kiboko alipolala. Vitendawili alivyovijua Pimbi vilikuwa vingi, lakini hivi sasa wenye Kilele nao walikuwa wamekaa mstari wa mbele, Nyati, Faru, na huenda mmoja wao bibi yake hakufa mapema. Alihitaji kisichojulikana na mtu yeyote. Akafungua kinywa akaacha kitoke chochote.

"Kikipanda kinashuka, kikishuka kinapanda, na Jumanne hakipo."

Nyati akamtazama Faru. Faru akatazama kwato zake. Kiboko akajaribu neno refu, likakatikia njiani.

"Jibu," akasema Pimbi, "au sema hujui, au nipe mji."

"Chukua Kilindini," akasema Kiboko, akajifuta uso.

Ndipo ikasikika sauti. Tiri, tiri, tiri. Tiri, tiri, tiri. Banda la Nyani lilikuwa limebaki tupu. Digidigi, Nungunungu, Panya, Kanga na watoto wao walikuwa wanateremka bwawani, na baada ya hapo ikasikika sauti nyingine, ndogo ndogo na nyingi: lap, lap, lap.

Kiboko akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Akasema ule ulikuwa mchezo, na miji ya vitendawili ni miji ya mdomoni, haichukuliwi kwa miguu. Nyati akaunga mkono, Faru akapiga kwato chini. Digidigi akainua kichwa majini, masharubu yanadondoka, akawakumbusha kwa upole kuwa lililosemwa mbele ya kamera halirudi kinywani. Faru akapiga kwato tena, karibu zaidi.

Pimbi alijua sheria ni kitu kizuri, lakini kwato ni kwato. Akapanda juu ya tofali lake.

"Mheshimiwa, mimi si mnyang'anyi," akasema. "Narudisha Kivukoni, narudisha Mateteni, narudisha Kilindini, na sisi wote tutarudi kwenye umande wetu leo hii. Sema tu mbele ya kamera kwamba ulikuwa hujui."

Lap, lap ikakoma. Wote wakamtazama Pimbi kama amepata wazimu. Mwanawe alikuwa ndani ya maji mpaka magotini.

Nyati akamnong'oneza Kiboko aseme upesi waende nyumbani. Faru akamwambia ni neno moja tu, kaka, lina uzito gani. Twiga akasogeza kamera. Kiboko akawaona walimu wake wote wa Kilele wamekaa sebuleni wanamtazama. Akaziona picha zake mitini. Akaliona lile jua.

Akafungua kinywa. Akakifungua, akakifungua, mpaka magego ya nyuma yakaonekana nchi nzima.

Akakifunga.

Akageuka, akatumbukia majini, chubwi, yakabaki macho na masikio. Nyati na Faru wakakosa la kupigia kwato, kwani mwenye bwawa alikuwa ameulizwa na amejibu kwa kukaa kimya.

Wadogo walikunywa mpaka matumbo yakalia. Wakati wanapanda kurudi majabalini, Digidigi akamshika Pimbi bega akamuuliza kile cha tatu, cha Jumanne, jibu lake lilikuwa nini.

"Sijui," akasema Pimbi.

Kiboko hawakumfukuza. Ngozi yake hupasuka akikaa juani, na Pimbi alisema katika bwawa hili hakuna atakayesimamishwa juani tena. Basi hukaa humo mchana kutwa, na kila mara huibuka, hufungua kinywa hadi mwisho, hukaa hivyo kidogo, halafu hukifunga. Watalii humpiga picha wakidhani anapiga miayo. Hapigi miayo. Anajaribu.

Ngano imefika kwake, nami nimefika kwangu. Ikiwa tamu, gawaneni na jirani. Ikiwa chungu, nirudishieni nitaimalizia na chai.

Na mafunzo yake, wanangu, ni haya: someni sana, mfike shule za juu kabisa, na mkiulizwa msilolijua, kamwe msithubutu kusema hamjui. Mkianza kusema, sisi wengine tutakunywa wapi?