Kamba ya Kengele ya Ndewario

Hapo zamani, kengele ya kanisa la Kyaroni ilipokuwa bado haijapata ufa, na watu wa kule mlimani walipokuwa wakiogopa kuzikwa kimya kuliko walivyoogopa kufa, aliishi mjane mmoja jina lake Aikande. Msianze kumwonea huruma mapema. Alikuwa na ulimi mkali na kichwa kigumu, na kanisani alikaa benchi la mwisho kando ya mlango, benchi la waliotengwa, peke yake.

Alitengwa kwa sababu ya jirani yake, Ndewario. Kila mwaka mvua zilipolainisha udongo, Ndewario aling'oa masale ya mpaka, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachaga huipanda kutenganisha kihamba na kihamba, yaani mashamba ya migomba ya familia, akaipanda upya hatua mbili ndani ya kihamba cha Aikande. Hatua mbili mwaka huu, hatua mbili mwaka ujao. Mjane aliyekuwa na migomba arobaini akabaki na kumi na tisa. Alimshtaki kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akala ndizi za Ndewario, akafuta midomo, akasema mpaka haujasogea. Alimshtaki kwa wazee wa kanisa. Wazee wakamwambia kwamba Ndewario si Mkristo, hawana mamlaka naye, yeye aombe tu.

Aikande akaomba mwaka mzima. Ulipokwisha, alichukua chungu cha marehemu mama yake, akasimama mpakani, akakivunja huku akimtaja Ndewario kwa jina, kwamba afe vibaya. Kuvunja chungu ni laana nzito. Basi wale wazee waliokosa mamlaka juu ya mwizi waliyapata upesi sana juu ya mwenye chungu. Jumapili iliyofuata mjane akatengwa, na kwa miaka minne hakuonja Meza ya Bwana. Ndewario hakutengwa. Atatengwaje, na hakuwahi kuingia? Alikaa kwake, akanywa pombe yake ya mbege, akawacheka waumini wakipita.

Sasa mjue desturi ya Kyaroni. Kule kengele ya maziko haivutwi na mlinzi wa kanisa wala ndugu wa marehemu. Huvutwa na mdhamini, yule aliyesimama naye siku ya ubatizo. Mvutaji hukaa benchi la mbele, na kaburini hutupa udongo wa kwanza akisema, "Huyu nilimleta mimi." Asiye na wa kumvutia huzikwa nje ya ua, vichakani, bila wimbo. Na aliyetengwa haruhusiwi kuigusa kamba ile. Akiruhusiwa kuivuta, basi amerudi kundini papo hapo, na hakuna tena wa kumrudisha mlangoni.

Siku moja mchana Ndewario alipanda mgrevilea uliokuwa ukingoni mwa mfereji ili akate matawi. Tawi likakatika naye yuko juu yake. Aliangukia mpakani, katikati ya masale aliyoyapanda mwenyewe, mbavu zimevunjika na damu inamtoka mdomoni. Aikande alikuwa kwenye mfereji huo huo, hatua kumi kutoka pale, ameshika ndoo ya maji.

Alimwendea. Msidhani alikimbia. Alitembea, akatua ndoo, akamtazama, na moyoni akasikia furaha. Alijiambia kwamba chungu cha mama kimefanya kazi.

Ndewario akamwomba ambatize. Aikande akamjibu kwamba Mwinjilisti yuko ng'ambo ya kilima, angoje aitwe. Ndewario akasema kungoja hakuwezi. Akanyoosha mkono, akakata jani la sale lililokuwa karibu na kichwa chake, akalipiga fundo, akampa. Kwa Wachaga, jani la sale lenye fundo ni ombi la msamaha, na anayeletewa halikatai, hata kama ameuliwa mwana.

"Nimekula kihamba chako, mama," alisema. "Sina nguvu ya kukirudisha. Nihurumie."

"Hata jani la kuniomba msamaha umelikata kwangu," Aikande akamwambia.

Lakini alilipokea, akalifutika kwenye pindo la kanga. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kuelewa kwa nini alilifanya. Tangu darasa la kipaimara alijua kwamba mtu akiwa anakufa, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Akachota maji kwa kiganja, akammwagia kichwani mara tatu, akayataja yale Majina Matatu kwa meno yaliyokazwa, kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Wanawake wawili waliokuwa wakifua ng'ambo ya mfereji walisikia kila neno. Ndewario akatabasamu, akakata roho. Tabasamu lile lilimchoma Aikande kuliko migomba yote iliyoibwa.

Siku ya maziko jeneza liliwekwa juu ya viti viwili chini ya mnara wa kengele. Mvua ilikuwa imeshafunga juu ya msitu. Mchungaji, mtu mchovu aliyekuwa na maziko mengine alasiri, aliuliza ni nani mdhamini wa marehemu, aje avute. Mjane wa Ndewario aliinamisha kichwa, maana alijua mumewe hakuwa na mtu. Haikupita dakika, mdhamini akapatikana. Wakapatikana wawili.

Wa kwanza alikuwa Mwinjilisti Anaeli. Alipanda ngazi ya mnara akikunja mguu wa suruali, na watu wa nyuma wakaanza kutabasamu, kwa sababu walijua kinachofuata. Kinachofuata ni kovu. Mwinjilisti alikuwa na kovu la meno ya mbwa wa Ndewario kwenye muundi, na hapakuwa na semina, mkesha wala harusi ambayo kovu lile halikutolewa nje lipate hewa.

"Miaka ishirini na miwili nimesimama kwenye lango la mtu huyu na Neno," alisema. "Nimetukanwa, nimefukuzwa, nimeumwa. Leo mbegu imeota, mnataka mwingine avune? Bila Neno, maji ni maji tu. Kamba ni yangu."

Wa pili alikuwa Mama Elirehema, kiongozi wa wanamaombi. Alikuwa amefunga kila Ijumaa kwa miaka kumi na mmoja kwa ajili ya roho ya Ndewario. Alifunga kwa siri, na siri hiyo Kyaroni nzima waliijua, maana kila Ijumaa alipita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wasimkaribishe chai.

"Mwinjilisti alisema na masikio yake, mimi nilisema na Mungu," alieleza kwa sauti nyembamba ya mtu aliyezoea njaa. "Ijumaa aliyoanguka, nilikuwa nimefunga tangu alfajiri. Bila maombi, maji ni maji tu. Kamba ni yangu."

Wakaanza kuvutana. Huyu akasema maombi bila kuhubiri hayafiki popote, yule akasema mahubiri bila kufunga ni kelele. Huyu akataja mbwa, yule akataja Ijumaa. Katikati yao alilala Ndewario, mtulivu kuliko alivyokuwa maisha yake yote. Na mjue kwamba alipokuwa hai, hakuna hata mmoja wa hao aliyekubali kukaa naye meza moja.

Ndipo mwanamke mmoja wa wale wawili wa mfereji akakohoa na kuuliza mbona aliyemwaga maji hakuulizwa. Vichwa vyote vikageuka kumtafuta Aikande. Alikuwa amesimama nje ya ukumbi wa mnara, mahali panapostahili mtu aliyetengwa.

Mwinjilisti akacheka kidogo. Akasema kwamba mkono wa aliyetengwa haubatizi, hivyo maji yale hayahesabiki.

"Basi Ndewario amekufa mpagani," Mchungaji akasema. "Chukueni jeneza, mkamzike vichakani. Unadai kengele ya nani, Mwinjilisti?"

Mguu wa suruali wa Mwinjilisti ukashuka wenyewe. Mama Elirehema alikuwa mwepesi zaidi. Alisema maji ni halali kabisa, mkono ukiwa wowote, Mungu akitaka hutumia hata punda. Mwinjilisti akaona njia imefunguka, akakubali kwa haraka kwamba ni halali, halali sana. Basi wote wawili wakasimama wakilikubali tendo na kumkataa mtendaji. Kama maji yalikuwa bure, hawana roho ya kujivunia. Kama yalikuwa kweli, basi ni ya yule aliyesimama pale nje.

Mchungaji akamwita Aikande asogee. Akasogea, mpaka akafika chini ya kamba. Hakuwa ameikaribia hivyo kwa miaka minne. Nawaambieni waziwazi, aliitaka. Aliitaka mpaka viganja vikamwasha. Mvuto mmoja tu, na benchi la mlangoni lingekuwa la mtu mwingine, na Jumapili angepiga magoti mezani na wenzake.

"Mama Aikande," Mchungaji akasema, "swali ni moja tu. Umemsamehe?"

Mjane wa Ndewario akamtazama kwa macho ya kumsihi. Jibu lilikuwa jepesi, neno moja, na hata Mwinjilisti alikuwa akilisema kila Jumapili bila kukuna kichwa. Aikande akaingiza mkono kwenye pindo la kanga, akatoa lile jani. Lilikuwa limenyauka, ila fundo lilikuwa palepale.

"Jani nimelipokea," alisema. "Jibu bado sijampa. Asubuhi nimepita mpakani, nikaona masale yake yamesimama ndani ya shamba langu, nikatamani kuvunja chungu kingine."

Minong'ono ikazagaa. Mama Elirehema akashika kifua. Mwinjilisti akasema kwa sauti ya ushindi kwamba wamesikia wenyewe, mtu mwenye moyo huo atavutaje kengele ya Bwana? Alibatiza kwa chuki. Aliyataja Majina Matatu kama anatukana.

"Kweli nilibatiza kwa chuki," Aikande akamjibu. "Nilitaka afe nikimdai, si afe akitabasamu. Lakini alitabasamu. Sasa niambieni, alilipa nini? Hakurudisha hata mgomba mmoja. Alikata jani langu, akaloa maji yangu, akaingia mbinguni kabla ya damu kukauka mdomoni. Alipewa bure. Na mimi niliyeibiwa, mimi ndiye mnayeniuliza kama nimetimiza masharti?"

Mchungaji alitazama mawingu, akatazama viatu vyake, kisha akasema jambo ambalo watu wa Kyaroni hawajamsamehe mpaka leo. Alisema yeye hatachagua. Anayejua kwamba anastahili, na ashike kamba avute.

Mwinjilisti akairukia, akaishika juu. Mama Elirehema hakukubali kuachwa, akaishika chini yake. Aikande alisimama kidogo akiwa na jani mkononi. Kisha akanyoosha mkono, na jani likiwa bado ndani ya kiganja, akaishika kamba penye fundo la mwisho. Wakavuta. Kila mmoja alivuta upande wake ili mwenzake asitangulie, kamba ikakazana kama ya kuanikia nguo, na kengele haikutoa hata mlio mmoja. Mvua ikaanza, upepo ukaiingiza ndani mpaka ikagonga juu ya jeneza.

Wako pale. Kaburi limechimbwa na linajaa maji, mjane wa Ndewario ameinama, na wawili kati ya hao watatu lazima waachie. Kuna aliyehubiri miaka ishirini na miwili, ana kovu, na moyoni hamtaki aliyehubiriwa. Kuna aliyefunga Ijumaa kwa Ijumaa, na akaitangaza njaa yake nyumba kwa nyumba. Kuna aliyemwaga maji kwa meno yaliyokazwa, naye jani la msamaha linamlowea mkononi bila jibu. Na kuna wa nne ndani ya jeneza, aliyeiba mpaka dakika ya mwisho, asiyeshika kamba yoyote, na ndiye pekee aliyekwisha kupewa.

Haya, nyinyi mnaopenda kupima watu, amueni upesi, maiti inanyeshewa. Ila atakayejibu aniambie kwanza kamba ya kengele yake mwenyewe imeshikwa na mkono wa nani, na mkono huo ni msafi kiasi gani. Je, pale Kyaroni, nani alistahili?